Kabla hujapiga msasa kava la injini nyumbani

Vijana wengi wa bodaboda hapa Kigoma huanza na kava la klachi. Linafunguka upesi, abiria wanaliona, na likisuguliwa vizuri linang'aa kama sufuria mpya. Nafundisha ufundi mitambo, na mng'ao huo naupenda. Kava safi humwonyesha fundi ufa na oili inayovuja mapema, kabla tope halijaficha. Ombi langu ni moja: msasa ubaki upande wa nje.

Nilipokuwa mwanafunzi, kava langu la kwanza nililisugua pande zote mbili. Nilililaza juu ya jiwe nikasugua ule uso unaokalia gasketi, ile karatasi nyembamba inayoziba oili kati ya kava na injini, mpaka ukametameta. Kwa macho ulikuwa tambarare, kumbe nilikuwa nimeula upande mmoja. Pikipiki ilikuwa ya mjomba wangu. Iliondoka Mwanga, hapa Kigoma mjini, bila tone la oili chini, na kabla haijafika Kasulu oili ilikuwa imekwisha na injini imenoki. Tangu hapo nawaambia wanafunzi kuwa uso wa gasketi haupigwi msasa wa mkononi. Gasketi ya zamani iliyoganda ilowesheni kwa parafini, kisha mkwangue taratibu kwa kipande cha mti mgumu au plastiki. Gasketi mpya ndiyo ya kurudishia.

Makava haya ni aluminiamu ya kusubu, yaani iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Ndiyo maana uso wake una vinundu na vishimo. Ni metali laini, tena haipatani na kostiki. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu mkoa wetu ni wa mawese, na nyumba nyingi zina kostiki ya kutengenezea sabuni. Kuna wanaoloweka kava humo ili litoke mafuta. Mapovu yanayochemka mle ni kava lenyewe linaliwa, na gesi inayotoka ni haidrojeni, inayoshika moto kwa cheche ndogo. Maji ya moto na sabuni ya kawaida yanatosha. Kama kava lina vanishi au rangi ya kiwandani, tumieni dawa ya kutolea rangi, nje ya nyumba, mkiwa na glavu na miwani.

Kazi yenyewe iko kwenye msasa wa kwanza, na hapo ndipo wengi wanapokosa subira. Anzeni na msasa wa maji namba 240, au 180 kama kava lina makovu ya kuanguka; namba ikipanda, msasa ni laini zaidi. Uloweshwe kwa maji ya sabuni, na usuguliwe kwa mwelekeo mmoja mpaka vishimo vyote viishe. Kisha namba 320, safari hii mkikatiza mwelekeo wa mwanzo. Mistari ya 240 ikipotea yote ndipo mnakwenda 400, halafu 600, 800 na 1000, kila mara mkigeuza mwelekeo na kuosha kava. Mkwaruzo wa 240 mlioruka hautafutwa na namba 1000. Utangoja mpaka mwisho, kava likianza kung'aa, ndipo ujitokeze. Ya mwisho ni gurudumu la kitambaa lenye sabuni ngumu ya kung'arishia. Msitumie waya wa chuma wa kusugulia masufuria, kwani vipande vyake hujichomeka kwenye aluminiamu na baadaye hutoa madoa ya kutu.

Mbona nasisitiza maji? Kwa ajili ya vumbi. Vumbi laini la aluminiamu likitanda hewani hulipuka likipata cheche, na likichanganyika na kutu ya chuma kisha likapata moto mkali, huwaka kwa joto la zaidi ya nyuzi 2000. Ni mchanganyiko huohuo mafundi reli wanaotumia kuunganishia vyuma vya njia ya treni. Kwa hiyo grinda iliyokuwa ikikata nondo asubuhi isigeuziwe kava mchana. Jiwe lake pia huziba kwa aluminiamu, hupata joto na linaweza kupasuka usoni kwako. Tope la msasa msilifungie koponi, kwa kuwa nalo hutoa haidrojeni. Vumbi likishika moto, limwagieni mchanga mkavu polepole. Maji hapana.

Wenye misumeno ya injini, au Volkswagen za zamani za kobe, wawe waangalifu zaidi, kwa sababu baadhi ya maboksi ya injini hizo ni magnesiamu, inayowaka kwa urahisi. Dondosheni siki sehemu iliyokwanguliwa. Ikitoa mapovu, acheni kabisa.

Mapezi ya silinda, yale mabamba membamba yanayoizunguka, nayo yaacheni. Kazi yake ni kutoa joto.

Aluminiamu iliyong'arishwa hufifia, hasa huku ziwani ambako hewa ina unyevu. Nta ya magari kila baada ya wiki chache inasaidia. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, inatufundisha jambo hapa. Wajerumani walipoizamisha Julai 1916, ikiitwa Graf von Götzen, waliipaka mitambo yake girisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ilikuwa mitambo ya mvuke, lakini adui ni yuleyule: hewa na maji kuigusa metali.

Kabla ya kurudisha kava, lioshe mara mbili, upulize kila tundu. Baadhi ya makava ya klachi yana njia ya oili ndani, na chembe ya msasa ni ngumu kuliko chuma cha beringi. Muda wote huo mdomo wa injini uwe umefunikwa kwa kitambaa safi.

Ukimaliza, tia oili, washa kwa dakika kumi, zima, kisha tandika gazeti chini ya injini na uliache usiku kucha. Likiwa na doa asubuhi, hata la ukubwa wa punje ya mtama, fungua tena kabla hujapakia abiria.