Mpaka wa ziwani haumzuii sangara

Katika mwalo (mahali pa kushushia samaki) wa Kirumba, jijini Mwanza, imezoeleka kusikia kwamba viwanda vya minofu vinategemea samaki wa Tanzania peke yake, na kwamba jirani akivua vibaya hasara ni yake. Dhana hiyo ni ya miaka mingi na inaeleweka, kwa kuwa karibu nusu ya Ziwa Victoria imo ndani ya Tanzania, ilhali Kenya ina takriban asilimia 6 tu. Hata hivyo, si sahihi.

Sangara, samaki anayetegemewa na viwanda hivyo, huhama bila kujali mpaka, hivyo sangara mchanga anayenaswa kwa kokoro (wavu wa kukokota) upande mmoja ni mzigo uliopotea kwa kiwanda cha upande wa pili. Soko nalo huliona ziwa kuwa moja: mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hilo kutokana na taarifa za uvuvi wa sumu, viwanda vya Tanzania, Kenya na Uganda viliathirika vyote, viwe vimehusika au la.

Kwa kuwa sangara hajui mpaka, nchi hizo tatu zilikuwa tayari, kwa mkataba wa mwaka 1994, zimeunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, ili zioanishe kanuni, ikiwemo ile inayokataza sangara wa chini ya sentimita 50. Ushirikiano huu, tofauti na wanavyodhani baadhi ya watu (na huenda hili ndilo linalowatia hofu zaidi), haumpi jirani ruhusa ya kuvua kwetu, kwani kila nchi hubaki na leseni na doria zake.