Je, wajua kwa nini kilo 2 zaidi za samaki bado zaweza kuwa bahati tu?

Tuseme mvuvi wa malema (mitego ya samaki ya kusuka) hapa Malindi ametega malema 10, matano katia chambo cha mwani kama kawaida yake na matano katia konokono wa kupondwa. Yote mwamba mmoja, siku moja. Akija kuopoa, ya mwani yametoa kilo 3, 5, 4, 6 na 2, ya konokono 5, 7, 6, 4 na 8 (hesabu nimezitunga ziwe rahisi kufuata). Wastani 4 kwa 6, na pale pwani watu washaanza kusema konokono ndio mpango mzima.

Lakini angalia vizuri, kuna lema la mwani limetoa 6 na la konokono limetoa 4, yaani malema yapishana sana hata chambo kikiwa kimoja, sasa utajuaje hizo kilo 2 zimeletwa na chambo na sio samaki kupita upande ule tu?

Hapo ndipo ti-testi (t-test, kipimo cha takwimu) yaingia. Yachukua tofauti ya wastani, yaigawa kwa kiasi ambacho tofauti hiyo ingeyumba kwa bahati tu. Fanya na kalamu: kila lema limeachana na wastani wa kundi lake kwa kilo ngapi, zidisha hiyo kwa yenyewe, jumlisha, wapata 10, gawa kwa 4 (malema 5 toa moja), ni 2.5. Makundi yote mawili yatoa 2.5. Kila moja igawe kwa 5, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, wapata 1. Kilo 2 gawa kwa 1, basi t ni 2.

Kwa malema 10 kiwango kinachotumika sana (bahati tu isizidi mara 5 kwa kila 100) chataka t ipite 2.306. Haijafika! Hata kama vyambo vyote ni sawasawa, tofauti kubwa hivi au zaidi ingetokea kama mara 8 kwa kila 100. Na hii haisemi konokono hafai, yasema ushahidi bado mdogo, watu wengi hapa huchanganya. Angetega malema 10 kwa kila chambo, wastani na mtawanyiko ukabaki ule ule, t ingepanda mpaka 2.83 na kiwango kingeshuka kuwa 2.101, kilo ni zile zile 2 lakini sasa zaaminika.

Aliyeanzisha hesabu hii ni William Sealy Gosset, alikuwa akifanya kazi kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, na sampuli zake zilikuwa chache kama hizi za mvuvi wetu. Aliitoa 1908 kwa jina la Student kwa sababu kampuni haikuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao.

Kitu kimoja ambacho fomula haikuokoi, ukipima mwani wakati wa kusi bahari imechafuka, ukaja kupima konokono kaskazi maji yametulia, t yaweza kutoka kubwa sana na ikawa yapima msimu, sio chambo. Dawa yake ni kutega mawili mawili pamoja, la mwani na la konokono ubavuni mwake, kila jozi watoa kilo za moja kwa za mwenziwe, halafu t waitafuta kwenye hizo tofauti 5 badala ya zile hesabu 10.