Kidole Kikikatika, Usikitie Friza

Kiungo kilichokatika kinaweza kurudishwa?
Mara nyingine ndiyo. Mwaka 2018 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, walimrudishia kijana mkono uliokatwa na mashine ya majani ya ng'ombe. Mfupa si tatizo kubwa, hushikizwa kwa vyuma. Shughuli ipo kwenye mishipa ya damu. Ateri ya kidole ina upana wa milimita 1 hivi, na hushonwa chini ya darubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mishipa hiyo ikifa, kidole kimekufa.

Basi nikitie friza kisioze?
Hapana. Tunaletewa vidole vilivyoganda, na walioleta wanaamini wamefanya la busara. Maji ya kwenye nyama yakiganda huwa chembe za barafu zinazopasua tishu, na chumvi inayobaki hunyonya maji ya ndani ya seli mpaka zife. Utando wa ndani ya mshipa, ule unaozuia damu isigande, huharibika. Daktari akiunganisha, damu hupita kidogo kisha huziba palepale. Toa nyanya kwenye friza uiache iyeyuke: rangi ileile, ukiibonyeza ni maji matupu.

Mbona mishipa ya watu waliofariki hugandishwa na kupandikizwa?
Ni kweli, kwenye benki za tishu za Ulaya na Marekani, kwa mfano. Lakini mshipa hulowekwa kwanza kwenye dawa ya kupunguza chembe za barafu, mara nyingi dimethili salfoksaidi. Kisha hupozwa taratibu, kama nyuzi 1 ya Selsiasi kwa dakika, na kuhifadhiwa kwenye mvuke wa naitrojeni, kwenye baridi inayopita nyuzi 130 chini ya sifuri. Kuyeyusha nako kuna utaratibu wake: ukiharakisha tangu mwanzo, ukuta wa mshipa hupata nyufa. Hupashwa polepole hadi karibu nyuzi 100 chini ya sifuri, ndipo huingizwa kwenye maji ya uvuguvugu na dawa ikasuuzwa. Hata baada ya uangalifu wote huo, misuli ya mshipa hupoteza sehemu ya nguvu zake na utando wa ndani haubaki mzima. Unafaa kupitisha damu, hasa pale mshipa wa bandia ulipoingiwa na vijidudu. Friza yako ya lambalamba haina hata kimoja cha hivyo.

Nikiweke juu ya barafu, basi, si kwenye friza?
Hapana tena. Kisiguse barafu. Usikitumbukize pia kwenye maji, maziwa, spiriti, chumvi wala mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni ya taa.

Nifanyeje?
Anza na mtu. Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu. Kipande kisuuzwe kwa maji safi bila kusugua, kizungushiwe kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki usiovuja na ufungwe. Mfuko huo ndio uwekwe kwenye chombo chenye maji na barafu. Tunataka kipoe, kisigande. Barafu ikikosekana, kiwekeni kivulini na mwondoke. Kikiwa bado kinaning'inia kwa ngozi, usikikate.

Nina muda gani?
Kidole huvumilia saa 12 hivi bila kupozwa, hadi 24 kikipozwa vizuri. Mkono mzima una misuli, na bila baridi hauna zaidi ya saa 6 hivi. Hiyo si ruhusa ya kupitia duka la dawa, kisha kwa mganga, kisha kikao cha ukoo. Saa ilianza kuhesabu panga liliposhuka. Pigeni simu hospitali kwanza muulize kama wanaunganisha viungo, na mwandike juu ya mfuko saa ya ajali. Majeruhi asile wala asinywe, kwa sababu huenda akapewa nusukaputi.

Kimeshaganda. Nikiyeyushe kwa maji ya moto?
Usiguse maji ya moto. Kilete kilivyo, na useme kiliganda na kwa muda gani. Ukikiyeyusha, ukakifuta vizuri na kunyamaza, daktari atakesha akishona mishipa iliyokwisha kufa, na ndugu yako atalazwa usingizi bure.