Dhana potofu kuhusu Kiingereza na lugha zetu

Dhana: Lugha inayokopa Kiingereza inakufa.
Ukweli ni kwamba lugha hai ndiyo inayokopa. Waswahili waliposikia "keep left" ya barabarani, sikio lao lilinasa ki- wanayoijua, wakapata kiplefti, yaani mzunguko wa barabarani, wingi viplefti. "Mudguard", kinga ya tope juu ya gurudumu, wakaisikia kama wingi: madigadi. Ya gurudumu moja ikawa digadi. Ndivyo Kiarabu nacho kilivyotupa kitabu, tukajizalia vitabu. Neno la mgeni limevua viatu mlangoni, na sarufi ya nyumba imebaki ile ile.

Dhana: Lugha zilizozimika Kenya zimeuawa na Kiingereza.
Waelmolo wa Ziwa Turkana walihamia Kisamburu. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo walihamia Kimaasai, na Wasuba wengi Kijaluo. Tanzania, Kiswahili chenyewe ndicho kinachoibana Kizaramo. Inatuuma sisi tunaokipenda, lakini ndivyo ilivyo.

Kiingereza kimetuumiza kwa njia nyingine: kimetufundisha kuona haya. Shule nyingi za Kenya, mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya kwao alivishwa kipande cha mbao shingoni, naye akavizia wa kumpasia. Waliokivaa sasa ni wazazi, na wengi wao wanalea kwa Kiingereza kitupu.

Dhana: Lugha ya nyumbani itamchanganya mtoto, Kiingereza kimshinde.
UNESCO ilishauri tangu 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya mama. Ripoti ya Gachathi ya 1976, ya kamati ya serikali kuhusu elimu, ilitaka hivyo hivyo kwa madarasa matatu ya kwanza nchini Kenya. Anayeshika vizuri lugha moja ana pa kusimama anapojifunza ya pili.

Mimi pia niliiamini dhana hii. Desemba, mamangu alikuja Nairobi kutoka Bungoma. Akamwomba binti yangu wa miaka sita maji, kwa Kibukusu. Mtoto akanigeukia mimi. "Kukhu", yaani nyanya, ndilo neno pekee alilolijua. Usiku mama akaanza hadithi ya fisi, nami nikitafsiri sentensi baada ya sentensi. Kabla fisi hajafika mtoni, mama akanyamaza, akasema amechoka.

Siku hizi Jumapili jioni nampigia mama simu, nampa mtoto, kisha natoka chumbani. Wiki za kwanza kulikuwa na kimya kirefu. Juzi, nikiwa jikoni, nilimsikia mtoto akiomba maji kwa Kibukusu, na mama kule Bungoma akicheka.