Injini za kupozwa na hewa na silinda namba 3: wanavyosema na ilivyo kweli

Watu wengi wanaamini injini ya kupozwa na hewa silinda zote zinapoa sawa, eti si feni ni moja. Hapana jamani. Angalia Volkswagen Beetle za zamani, kile kipoza oili kimesimamishwa ndani ya boksi la feni upande wa kushoto, kwa hiyo hewa ya silinda namba 3, iliyo upande huohuo, inapita kwanza hapo, inafika ishapata joto na ni kidogo, wakati zile za kulia zinapata hewa safi kabisa. Ndo maana valvu ya egzosti (ya kutolea moshi) ya namba 3 inasifika kwa kuungua, na ikikatika kichwa kinadondokea juu ya pistoni na hapo umeumia. Kiwanda chenyewe kilijua, distributa (kigawa cheche) nyingi za zamani zilikuwa zinachelewesha cheche ya namba 3 kwa digrii chache, halafu kwenye modeli za 1971 wakakisogeza kipoza nje kidogo kikapewa njia yake ya hewa.

Pikipiki nyingi za silinda mbili za V nazo hivyohivyo, ya mbele inaiziba ya nyuma upepo.

Ingine inayoniuma sana ni hii ya "toa thamostati injini ipoe". Thamostati kazi yake kuzifunga zile flapu (vibao vinavyoachia hewa ya feni) injini ikiwa baridi ili ipate moto haraka, ukiitoa injini inakaa baridi muda mrefu, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda na ringi zinasaga chuma kikavu, yani umeongeza kulika ukidhani unazuia. Na ikifa yenyewe flapu zinabaki wazi, walishafikiria hilo.

Mabati ya kuzunguka injini pia sio urembo!! Ukiyatupa, au raba za pembeni zikiisha, feni inavuta hewa ya moto kutoka chini kwenye egzosti na kuirudisha kwenye silinda.

Halafu kompresheni (mgandamizo) ikishuka silinda moja usikimbilie kubadili ringi, pima klirensi (nafasi ndogo) ya valvu kwanza injini ikiwa baridi, kwa zile Volkswagen za cc 1600 ni 0.15 mm. Ukiona ya egzosti namba 3 kila ukiseti inarudi kubana, valvu inarefuka au siti yake inazama, fungua hedi (kifuniko cha silinda chenye valvu) mapema kabla haijakatika.