Stata ya umeme haiui injini ya pikipiki ya zamani

Hapa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Chumbageni, wengi tumekua tukisikia kwamba pikipiki ya zamani ya kiki ukiifunga stata ya umeme unaiua injini. Wanaoamini hivyo wana sababu, maana wameona pikipiki zimefungwa stata, baada ya muda zinagoma.

Ila stata inazungusha injini sekunde chache tu, kazi ileile ya mguu wako, injini ikishika stata inaachia. Honda CB750 ya 1969 ilitoka kiwandani na vyote viwili, kiki na stata.

Kinachosumbua zaidi ni umeme. Pikipiki nyingi za zamani ni za volti 6, dainamo yake ilitengenezwa itosheleze taa na plagi tu, sasa stata inakula umeme mwingi kwa mkupuo, betri inaishiwa, dainamo hairudishi chaji ya kutosha, na huku kwetu chumvi ya bahari inakula waya wa athi, ule unaounganisha betri na bodi, hapo lazima igome. Stata ikifungwa imepinda, meno ya gia yatalika kweli, ila hilo ni la ufungaji.

Jipimie mwenyewe. Kwa betri ya volti 12 iliyojaa, mita ya volti kwenye betri isome kama 12.6 injini ikiwa imezimwa, ukiwasha ukapandisha resi ifike 13.5 hadi 14.5, ikibaki palepale ujue chaji haiingii, anzia hapo kabla hujailaumu stata. Na kiki tafadhali usiing'oe, utaihitaji siku betri imelala.