Tezi dume kubwa si lazima izibe mkojo

Mwanaume akiambiwa ultrasaundi imeonyesha tezi dume ya gramu 60, hofu humshika. Wengi wanaamini kwamba kadiri tezi inavyokua ndivyo mkojo unavyozibika. Imani hiyo ni ya siku nyingi, na haisimami.

Tezi ya kijana ina takriban gramu 20, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kwenye kibofu. Jambo kubwa ni upande inakokulia. Ikitanuka kuelekea nje, mtu anaweza kuwa na gramu 80 na bado akakojoa vizuri. Lakini kinundu kidogo cha sehemu ya kati, kikichomoza kwenye shingo ya kibofu, hugeuka kizibo: kadiri mtu anavyojikamua, ndivyo kinavyokaza.

Halafu kuna misuli, ambayo husahaulika sana. Tezi na shingo ya kibofu zina misuli laini inayoweza kujibana. Ndiyo maana dawa iitwayo tamsulosini huweza kulegeza njia ndani ya siku chache bila kupunguza tezi hata kidogo, ilhali dawa nyingine, finasteridi, inayoipunguza kweli, huchukua miezi. Baadhi ya dawa za mafua, zile zenye sudoefedrini, hukaza misuli hiyohiyo na zinaweza kumfungia mzee mkojo ghafla.

Hata mkojo dhaifu si ushahidi wa kuziba, maana huenda kibofu chenyewe kimechoka kusukuma. Ili kutofautisha, hupimwa kasi ya mkojo, mabaki baada ya kukojoa na, ikibidi, shinikizo ndani ya kibofu. Aliyeshindwa kabisa kukojoa asingoje vipimo hivyo. Aende hospitali saa hiyohiyo awekewe mpira wa mkojo.